Sambaza ya Tonton Kisubi

Enzi zetu bulletin ilikuwa karatasi ya kweli, si hizi za leo ambazo ukizishika na jasho la mkono zinabaki kwenye vidole. Yetu ilikuwa ngumu, imekunjwa katikati kama kadi ya arusi, alama za mwaka mzima zimeandikwa kwa wino wa bluu na pourcentage kwa wino mwekundu. Ukiipiga kwa ukucha inalia. Wa rika langu mnaijua. Siku ya proclamation uwanja wa shule unajaa wamama waliovaa vitenge vya Jumapili, directeur anasoma majina, na mtoto akitajwa mama yake anapiga vigelegele mpaka kilemba kinaanguka. Mwaka niliomaliza la sita directeur alisoma, "Nsimire, soixante-dix-huit!" Sabini na nane kwa mia. Jioni kwetu Kadutu, hapa Bukavu, kuku alichinjwa kwa ajili yangu, mimi mtoto msichana, na firigisi nikapewa mimi. Papa mwenyewe ndiye aliyeitoa kwenye sahani yake.

Papa alikuwa makanika. Garage yake ilikuwa kando ya barabara, chini kidogo ya soko, kwa sababu hakuna gari lililoweza kupanda vile vijia vyetu vya matope hadi nyumbani. Sisi watoto wa mtaa tulicheza nzango pale mbele, tukipiga makofi na kurusha miguu, na vumbi lote likaingia kwenye injini za watu. Papa akitoka na spana mkononi tunatawanyika, akirudi ndani tunarudi. Mwenzangu alikuwa Faida, mtoto wa jirani. Tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, za kukaanga kutoka kwenye karatasi moja, tuliazimana viatu vya Jumapili, na nywele zangu alizisuka yeye. Mwaka ule Faida alianguka mtihani. Hakulia mbele yangu. Alikuja kwetu siku ya pili, akaomba kuiona bulletin yangu, nikaitoa kwenye valisi ya mama. Akaishika kwa pembe, kwa ncha za vidole, akasema, "Iko muzuri sana, Nsimire."

Yale maneno niliyashikilia baadaye kama ushahidi. Ngojeni nitafika.

Wiki ileile Tonton Kisubi alishusha gari lake kwa papa. Tonton Kisubi, mjomba wa watoto wote wa mtaa, alikuwa mtu wa dhahabu, anaenda machimboni Shabunda, anakaa miezi, anarudi amenona. Gari alilinunua Bujumbura: milango miwili tu, chini kabisa, rangi ya fedha, pua ndefu, na sauti ya kumwamsha askofu. Gari la mbio, katika Bukavu hii yenye mashimo! Tuliliita Sambaza, kwa udogo wake na kung'aa kwake. Tulilipenda kuliko padri alivyotaka tupende katekismu. Lakini Sambaza ilikuwa inavuja mafuta. Popote iliposimama iliacha doa jeusi, na wenye parcelle, wenye viwanja, wakaanza kumfukuza Tonton asipaki mbele ya milango yao.

"Samedi niko naoa," alimwambia papa. "Unataka bibi yangu ashuke ku kanisa mu gari yenye inakojoa?"

Papa hakuwa mtu wa kukisia. Makanika wengine wakiona mafuta wanakaza kila bolti wanayoiona mpaka inakatika. Yeye aliosha injini yote kwa petroli na brosi, akaikausha, kisha akapanda nyumbani kuomba unga wa muhogo kwa mama.

"Papa Nsimire," mama akamuuliza, "hiyo mashini nayo inakula bugali?"

Aliunyunyiza ule unga juu ya injini mpaka ikawa nyeupe tupu, akawasha, akaiacha ingurume, akakaa juu ya kibao. "Mafuta haina haya," alizoea kusema. "Muiache, itajionyesha yenyewe." Na kweli. Mbele, pale kifuniko kinapofunika mnyororo wa injini, unga ulianza kulowa, mstari mwembamba ukashuka pole pole kama machozi ya mtoto mwenye hila. Akafungua. Joint ilikuwa imekatika. Joint ni ule ukanda mwembamba unaokaa kati ya chuma na chuma ili mafuta yasipite, na ya gari lile haikuwepo Bukavu wala Bujumbura. Ilibidi aikate mwenyewe. Aliikata kwanza kwenye kartoni ya sabuni. Siku moja tu, kartoni ikanywa mafuta, ikavimba, Sambaza ikakojoa tena. Ilikuwa Alhamisi. Mtaa mzima ulijua kwamba papa ameshindwa, na kina mama sokoni walikuwa wanamwonea huruma bibi arusi.

Usiku ule alilala na hasira. Ijumaa asubuhi, kabla sijanywa chai, nilisikia kule garage ko-ko-ko, ko-ko-ko. Ninyi watoto wa makanika mnaujua mlio huo: karatasi imelazwa juu ya chuma, nyundo ndogo inapita pembeni, na ukali wa chuma chenyewe ndio unaokata. Mchana Sambaza ilikuwa imewashwa, nyeupe kwa unga, kavu kabisa. Jumamosi ilimbeba bibi arusi hadi kanisani, na sisi watoto wote nyuma yake, tunakimbia, tunaimba, tunapiga makofi. Mimi nilikuwa mbele ya wote.

Jumapili jioni nikafungua valisi ya mama. Kesho yake ilikuwa siku ya kuandikishwa kwenye lycée, sekondari ya masista, na bila bulletin usingepita hata mlango. Valisi ilikuwa na vitenge, rozari, picha za ubatizo. Bulletin haipo.

Tulipindua nyumba. Mama alinipiga, halafu akalia, halafu akanipiga tena. Kisha akauliza nani mwingine aliigusa. Nikasema: Faida. Nikasema aliishika na kuitazama sana. Nikasema aliona wivu kwa sababu yeye ameanguka. Nilisema mbele ya mama yake, mbele ya majirani, kwa sauti ya mtu anayejua. Mama yake alimkamata palepale akampiga kwa ufagio, kisha kwa mkono, kisha kwa chochote. Faida alipiga kelele moja tu, ileile: "Miye sikuiba! Kweli ya Mungu, Nsimire, sikuiba!" Nikageuza uso. Papa alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono kwa kitambaa. Alifuta muda mrefu sana.

Jumatatu masista walinirudisha. Directeur alikuwa ameenda likizo kwao Bunyakiri, aliporudi nafasi zilikuwa zimejaa. Papa akasema, "Tutaona mwaka kesho." Mwaka kesho ukaja na vita, shule zikafungwa, zikafunguliwa, zikafungwa, na hakuna aliyeuliza tena habari ya bulletin ya mtu. Nikashuka garage. Nilijifunza spana, brosi, petroli, unga. Leo wateja wapya wakinikuta wanauliza, "Maman, makanika iko wapi?" Ninawaambia wafungue boneti wanyamaze.

Mwezi uliopita kijana wa Tonton Kisubi aliniletea Sambaza. Tonton alifariki, na gari lilikaa miaka chini ya turubai kwenye parcelle, limefichwa lisichukuliwe na wenye bunduki. Kijana anataka kulifufua. Alianza kwa wale vijana wa mjini wanaochomeka simu ndani ya gari ili simu iwaambie ugonjwa. Walizunguka Sambaza nzima kutafuta mahali pa kuchomeka, masikini, wakakosa. Wakamwambia gari limekufa. Walipoliwasha lilikuwa linavuja mafuta mbele.

Nikaosha, nikakausha, nikanyunyiza unga. Sikucheka, ila moyo ulikuwa unacheka, nikimkumbuka mama. Unga ulilowa chini, nyuma ya puli, pale penye mpira wa duara unaozuia mafuta ya mhimili. Mpira ulikuwa umekauka kwa uzee. Lakini ukingo wa kifuniko, ile joint ya papa, ulikuwa mkavu. Miaka yote hiyo, mkavu! Nilijivunia, nawaambia ukweli. Nikawaonyesha wale wanaofanya kazi kwangu, nikawaambia, tazameni kazi ya muzee. Kubadilisha mpira lazima kifuniko kitoke, basi nikakifungua, nikaibandua joint pole pole kwa kisu, kwa heshima.

Upande uliolala kwenye chuma ulikuwa na maandishi. Wino wa bluu, umefifia. N, s, i, halafu tundu la bolti, halafu r, e. Kwenye kona, kwa wino uliokuwa mwekundu, saba na nane.

Nilikaa chini, palepale kwenye mafuta. Kumbe Jumamosi ile nilikuwa nakimbia nyuma ya bulletin yangu mwenyewe, nikipiga makofi.

Papa bado yupo. Macho yamefifia, anakaa kwenye kiti mbele ya garage na kofia yake ya sufu, anasikiliza injini na kutukosoa. Nikaiweka mikononi mwake. Aliipapasa ukingo wote kwa kidole gumba, akafika kwenye tundu, akasimama.

"Karatasi zingine zote zilikuwa laini," alisema. "Niliwaza directeur atakuandikia ingine."

"Na Faida, papa?"

"Ni wewe ulimusema. Mimi sikumusema."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakaziba, na hasira mbaya kuliko zote ni ile unayomkasirikia mtu aliyesema kweli. Yeye akaendelea kupapasa ukanda ule, kisha akainua uso.

"Haikuvuja?"

"Haikuvuja, papa."

"Unaona," akasema, akanirudishia.

Nilinawa mikono kwa sabuni mara tatu, nikapanda sokoni. Faida anauza sambaza pale, upande wa juu. Tangu siku ile ya ufagio hatujasalimiana. Nikipita chini yeye anatazama juu, na nikipita juu anapanga samaki wake upya. Alikuwa anampimia mteja. Nikangoja mteja aende, nikaiweka joint juu ya meza, upande wa wino. Nikamwambia papa aliikata, nikamwambia nilikuwa mjinga, nikamwambia anisamehe. Maneno yalitoka yote kwa mpigo, mabovu.

Hakuishika. Aliisoma tu, ameinama, mikono nyuma. Ana mvi sasa, na mimi nilikuwa sijaziona.

"Mama alinipiga juu ya hii," alisema. "Amekufa akijua miye niko mwizi."

Kisha mteja mwingine akaja, akageuka kumpimia. Nilisimama pale mpaka nikawa nawazibia watu njia. Nikaichukua joint, nikashuka. Mpya niliikata mwenyewe jioni ileile, kwenye jalada la kalenda, ko-ko-ko, na Sambaza imetoka haivuji.

Binti yangu wa mwisho alimaliza la sita mwaka huu. Bulletin yake ililowa na mvua kabla haijafika nyumbani, karatasi laini, ikawa ugali. Rafiki yake ndiye aliyekuwa ameibeba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumsema yule rafiki. Lakini binti akampigia directeur, directeur akatuma picha ya nyingine kwa simu, na kabla chai haijachemka wale wawili walikuwa nje, wanacheza.