Bastola ya Papa Espoir

Leo nimefaulu mtihani wa bastola. Cheti kimetoka kwa jina la mume wangu.

Kiingereza kinamsumbua, kwa hiyo masomo ya mtandaoni ya kupata kibali cha kutembea na bastola nimesoma mimi, huku maharage yakichemka. Yeye alikuwa anaangalia mpira.

Swali la mwisho: kabla ya kuleta bastola nyumbani, nani aambiwe?

Nikabonyeza: wote wanaoishi humo.

Sahihi. Hata kompyuta inajua.

Nikamuuliza, "Papa Espoir, sasa utainunua lini?"

Hakugeuka. "Iko juu ya kabati, Mama Espoir. Tangu Pasaka."

Kwenye kabati hilo natoa nguo za watoto kila asubuhi.

Wamama wenzangu wa hapa kwetu Hopkins, nyinyi mmeshaangalia juu ya makabati yenu?