Siki Kabla Haijanyamaza

Shiii... Sauti ndogo, kavu, kama mtu anayenong'ona huku kafumba meno. Juzi niko dukani ninapofanya kazi, mteja kafungua soda pembeni yangu, nami nikasimama na mfuko wake mkononi, sisogei. "Vipi we binti, umelala?" akaniuliza. Nikacheka tu. Ningemwambiaje kwamba ameshanipeleka Firq, kule Oman, kwenye stoo ya bibi yangu, na nimelaza sikio juu ya mtungi?

Kaa basi nikusimulie, maana wewe hunichoki.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mama yangu alifanya kazi Maskati, anakuja Alkhamisi na kuondoka Ijumaa, nami nikilelewa na bibi katika nyumba iliyoipa mgongo sanaiya, ile sehemu ya magereji. Kuanzia asubuhi ni nyundo juu ya mabati na harufu ya rangi ya magari. Nguo zikianikwa ukutani zinarudi na vumbi jeusi. Lakini ukiingia stoo ya bibi, dunia nyengine kabisa. Giza, ubaridi, na tende.

Bibi alikuwa akitengeneza siki. Hakununua kitu. Wenye mashamba walimpa tende zilizopasuka, zilizodonolewa na ndege, zile wanazowatilia ng'ombe na mbuzi. Anazichambua, anazikosha, anazitia mtungini na maji, halafu anafunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa cheupe na kuuwacha. Mitungi yenyewe huisuuza kwa maji yaliyochemka, kisha huianika juani kama watoto waliotoka kuoga. Baada ya siku chache mtungi unaanza. Shiii, shiii. Povu linapanda, harufu inakuwa kama ya mkate uliochelewa kuokwa.

Kazi yangu ilikuwa kusikiliza. Naam, hiyo ndiyo kazi niliyopewa, na niliiona kubwa kuliko ya waziri. Kila nikitoka skuli natupa mkoba, nakwenda stoo, naweka sikio mtungi baada ya mtungi. Bibi anauliza kutoka jikoni, "Inasemaje?"

"Bado inasema, bibi!"

"Basi iache. Inayosema si yetu. Ikinyamaza ndiyo yetu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya nyumba. Siki ni halali, kila mtu anajua. Lakini tende haziwi siki kwa kulala na kuamka. Zinapita mahali kwanza. Mahali hapo bibi hakupatia jina. Alisema inasema, basi. Haionjwi, haifunuliwi, haizungumzwi mbele za watu. Siku ikinyamaza anafungua kitambaa, anasema bismillahi, anachovya kidole, na uso wake wote unakunjika kwa ukali. Hapo anafurahi. Jioni hiyo tutakula samaki wa kukaanga na kachumbari ya vitunguu iliyorowa siki mpaka pua zinatoka maji. Majirani wanaleta chupa zao tupu. Mimi nishajiona na kiwanda, picha yangu imebandikwa kwenye kila chupa, nimevaa miwani.

Halafu akaja mjomba.

Alikuwa kitinda mimba wa bibi. Bibi na wanawe wengine walipotoka Tabora kuja Oman yeye alibaki kule, na bibi alimhangaikia miaka mpaka akampata. Alifika na begi moja na kicheko kinachosikika nje ya ukuta. Akapata kazi ya ufundi gereji ya nyuma yetu, anarudi mchana na mikono ya grisi, ananiambia mimi mpwawe, kwa mapenzi, "Mama, njoo unisalimie, lakini usiniguse, mimi injini." Nilimpenda, wallahi. Bibi akimtazama anakula, yeye mwenyewe hali. Amekaa tu na kipande cha mkate mkononi, kama anaogopa akiangalia pengine mtoto atarudi alikotoka.

Mjomba alizoea kunywa. Kwao pombe ya nyumbani ilikuwa kama uji, kila mtaa una mwenye kuipika. Huku bia iko mahotelini tu, kwa bei ya kumfanya mtu atubu bila ya kuhubiriwa. Sasa mtu wa namna hiyo, umemlaza chumba kinachopakana na stoo yenye mitungi inayosema. Ingekuwaje?

Siku moja nikaweka sikio. Kimya. Nikapiga kelele kwa furaha, "Bibi! Huu umenyamaza mapema!" Bibi akaja anajifuta mikono, akafungua kitambaa, akachovya kidole. Uso haukukunjika. Akachovya tena. Ilikuwa maji, maji matupu yenye maganda ya tende. Akakaa juu ya gunia, akasema, "Nenda kacheze."

Baada ya Magharibi tulikaa kula. Bibi akamwekea mjomba samaki, akamwambia taratibu, "Mwanangu, mtungi wangu umeingiwa na panya."

"Panya gani huyo, mama?"

"Wa Tabora."

Mjomba akacheka mpaka akapaliwa. "Mama yangu, sikiliza. Safari ya siki ni ya halali kutoka mwanzo mpaka mwisho, kasoro kituo kimoja. Mimi nateremkia hapo tu."

"Teremka," bibi akasema, "na shetani akupokee mizigo."

Lakini hakumfukuza. Na baada ya hapo stoo ikawa na mtungi mmoja zaidi, kule pembeni, karibu na mlango wa chumba cha mjomba. Nilipotaka kuusikiliza bibi alinivuta mkono. "Huo hausikilizwi." Haukunyamaza hata siku moja ule. Unapungua, na bibi anaongeza tende, anaosha, anafunga kitambaa cheupe vilevile kama cha mitungi mingine. Aliyafanya hayo uso kaupa ukuta. Nilikuwa mdogo lakini niliona kwamba swala zake zimekuwa ndefu. Alikuwa akimtaka mwanawe nyumbani, asinywe na watu asiowajua, asilale ndani ya magari mabovu. Ndiyo bei aliyokubali.

Tukakaa hivyo msimu mzima wa joto, na nikikwambia tulikuwa na furaha usinicheke. Mjomba hakufanya fujo. Alikuwa akiimba kidogo na kulala mapema.

Mpaka jirani yetu akaja kuchukua siki. Mama wa watu, mkarimu, familia yao ilitoka Unguja, na alikuwa na maneno. Mjomba ndiye aliyemfungulia mlango, akamsalimia kwa adabu zote, akapita zake. Jirani akabaki anavuta hewa puani.

"Mashaallah, bi mkubwa! Huyu kijana kaoga siki?"

Bibi akamjazia chupa yake.

"Yakhe, nyinyi watu wa bara! Hata tende hamziachi salama?" Akacheka, akampiga bibi begani kwa mzaha, akaondoka na chupa yake. Kisha tukamsikia nje anacheka tena, na sauti za wanawake wengine zikacheka naye.

Neno lenyewe dogo. Lakini bibi alikuwa amekaa mtaa ule miaka akijitahidi asiitwe mtu wa bara. Aliutoa ule mtungi wa pembeni, akaumwaga uani, nyuki wakaja. Akanunua kufuli, akafunga stoo, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kanga yake.

Mjomba alirudi mchana, akaliona kufuli. Akalishika, akaliachia. "Mama, umenifungia kituo?"

"Gari limeharibika, mwanangu. Tembea kwa miguu."

Alicheka, lakini si kile kicheko chake.

Yaliyofuata aliyasema mwenyewe, akiwa kitandani hospitalini, kwa hivyo sibahatishi. Alijipikia gerejini, ndani ya gari bovu lisilo na magurudumu. Tende za ng'ombe, sukari, hamira ya mkate, maji ya bomba. Rahisi kuliko chai, alisema. Alikosa chombo tu. Akaokota galoni lililokuwa na ile dawa ya kijani ya kutilia rejeta. Akalisuuza haraka haraka, mlango unagongwa, bosi anaita. Chini kulibaki maji kidogo. Akadhani ni ya kusuuzia. Na dawa ile ni sumu tamu, wanasema, huitambui mbele ya tende.

Alikuja nyumbani Alkhamisi akitapika. Alisema kala sambusa mbovu. Bibi akamchemshia tangawizi. Asubuhi alikuwa anazungumza maneno yasiyoungana, na macho yake yananitafuta upande ambao sikuwepo. Mama alikuwepo, akamkimbiza hospitali. Daktari akasema figo zimesimama. Mjomba alizindukana kidogo, akatuambia hayo ya galoni, akamwomba bibi radhi. Hakurudi tena nyumbani.

Bibi hakulia kwa sauti. Alirudia sentensi moja, akimwambia kila aliyeingia, hata mimi niliyejua: "Mitungi yangu ilikuwa safi. Naliisuuza kwa maji ya moto."

Nilijua anauliza nini. Anauliza, kama nisingefunga? Watu wazima wakajibu, "Qadari ya Mungu, bi mkubwa," na yeye akitikisa kichwa, akaanza tena. Mitungi yangu ilikuwa safi.

Wanaume walimwosha na kumzika kama Muislamu mwengine yeyote, hilo nawashukuru. Lakini habari ya galoni ilitoka hospitalini kabla ya jeneza. Siku ya kwanza ya msiba wanawake walikuja wachache, wakakaa ukingoni mwa mkeka, wakaondoka kabla kahawa haijapoa. Jirani alikuja na macho mekundu, akaondoka nao.

Leo nyumba ile ni ghala la matairi. Siki inauzwa kwenye chupa za plastiki, nyeupe kama maji, haina harufu ya tende wala ya mtu. Bibi naye katangulia, na mpaka anatutoka hakutengeneza tena wala hakuweka kitu kikali kinywani. Maneno ya Tabora ambayo bibi na mjomba walikuwa wakitaniana kwayo, sina wa kuyasema naye. Kicheko cha mjomba ninacho mimi, mama anasema hivyo, na ninakitumia sana, bado ninaota mambo makubwa kama zamani. Ila nikiwaza nyumba ile, mawazo hayasimami kwenye vicheko. Yanasimama kwenye siku ya pili ya msiba.

Siku hiyo hakuja mtu.

Bibi alikuwa ametandika mikeka tangu alfajiri. Dele la kahawa limejaa, vikombe viko kwenye bakuli la maji, vinang'aa. Mama amekwenda kushughulikia karatasi. Bibi akasubiri mpaka adhana ya alasiri, kisha akainuka kwa kushika ukuta, akaingia chumbani kuswali.

Nikatoa kikombe bakulini, nikamimina kahawa, nikainywa. Chungu, ikanichoma koo. Nikakitikisa kikombe, kama wageni wanavyofanya wakitosheka, nikakiweka mkekani mahali ambapo jirani angekaa. Nikatoa chengine. Nikanywa, nikatikisa, nikakiweka mbele kidogo. Mpaka bakuli likabaki na maji tu. Nikaukunja ukingo wa mkeka kama mtu aliyeinuka kwa haraka. Halafu nikaenda kwenye mlango wa nje, nikaufungua, nikauacha wazi kidogo, vile watu wanavyouacha wakitoka wengi kwa pamoja.