Kamba ya Ndege ya Majini

Harufu ya mvua ya kwanza ikilowesha kahawa iliyoanikwa bado hunirudisha utotoni. Nilikuwa bado mdogo, huko kijijini Kituntu, mwaka ambao Tata, baba yangu, aliuza kahawa akanunua mabati. Msimu ule niliogopa upepo kuliko nyoka. Aliyenitia hofu ni babu yake Tata, mzee sana, aliyekuwa askari wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alilinda kisiwa kidogo mbali baharini, hakuna kitu ila minazi na kituo cha jeshi. Siku moja ikaja ndege ya kivita, ya aina inayotua majini, wakaifunga kwa kamba karibu na ufuko. Dhoruba ilipoanza kuivuta, askari wakaamriwa waishikilie. "Ndege iliruka juu ya wimbi bila rubani," Babu alisema, "wenzangu wakaenda nayo. Mimi niliachia." Kila alipofika hapo alitazama anga. Tata alimtania, "Babu, huku kwetu bahari iko wapi? Ni migomba tu."

Alasiri moja, Tata akiwa bado hajamaliza kupigilia misumari, upepo wa mvua ukatokea vilimani, upande wa Rugera. Mabati yakaanza kugongana. Tata akapanda, akafunga kamba kwenye kenchi, akashuka akaizungusha mkononi, akaniita nishike nyuma yake. Paa likainuka. Niliona miguu ya Tata ikiacha ardhi, ikarudi, ikaacha tena.

Babu akatoka jikoni bila fimbo yake. "Achia!"

"Babu, hii ni kahawa ya mwaka mzima!"

"Achia, mpumbavu wewe! Mtoto, toka hapo!"

Mimi niliachia. Tata hakuweza tena. Kamba ilikuwa imembana kifundo cha mkono. Babu akachukua panga la kukatia ndizi, akaikata kwa pigo moja. Paa likapaa, likaangukia migomba. Tata akaanguka matopeni, na Babu akamkumbatia miguu huku akilia, akimwita kwa jina ambalo halikuwa lake.

Majirani walitucheka: "Wenzenu wanaezeka, ninyi mnarusha!" Tulilala kwa jirani mpaka kahawa iliyofuata.

Siku hizi nyumba nyingi za kwetu ni za tofali, na habari za mvua tunazisikia redioni kabla haijafika. Babu alishafariki. Tata ndiye mwenye mvi sasa, na wingu likiinama juu ya vilima, hatazami mabati. Anatuhesabu sisi.