Fundi wa Isiolo Aliyezivalisha Fimbo Viatu

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mji wa Isiolo ukiwa bado unapiga miayo, Qabale Umuro amejikunja ndani ya shimo chini ya ngazi ya umeme, tochi mdomoni, brashi mkononi. Anachokichokoa humo si dhahabu. Ni vijiti vya miraa, kifungo cha koti, shanga mbili nyekundu na vumbi, vumbi, vumbi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," anasema baada ya kutoa tochi mdomoni. "Mimi nimeinama mpaka mgongo umezoea."

Anacheka, lakini roho haijatulia. Leo ni siku ya thelathini. Ngazi hii ikifika jioni bila kusimamishwa na fimbo ya mchungaji iliyokwama, Qabale, mwenye umri wa miaka 33, atapewa mkataba wa miaka miwili. Ikisimama hata mara moja, mwenye jumba ataizima ibaki ngazi ya kupanda kwa miguu tu, na Qabale atafunga virago arudi Nairobi, amwache tena binti yake Ikra, wa miaka tisa, kwa nyanya yake.

Na kama hilo halitoshi, leo ni siku ya soko la mifugo.

Ngazi yenyewe iko katika jumba jipya la maduka la mfanyabiashara Githinji, mtu wa Nyeri aliyekaa Isiolo miaka ishirini. Ilipofunguliwa mwaka jana, watu walikuja kuitazama kama wanatazama harusi. Wengine walivua ndara zao pale chini, wakapanda pekupeku kwa heshima, halafu wakajikuta juu huku viatu vyao vikiwa vimebaki ghorofa ya chini. Qabale alikuwa akizikusanya ndara kwa ndoo.

"Nilikuwa nawaambia, mama, vaa viatu, huku si msikitini," anakumbuka. "Ananijibu, 'Lakini ni safi sana, mwanangu!' Sasa utamgombeza aje mtu kama huyo?"

Ngazi ililetwa kwa lori kutoka Mombasa, fremu yake ya chuma ikiwa vipande viwili. Mlango wa jumba ulikuwa mdogo, ikabidi ukuta wa mbele ubomolewe. Vipande viliinuliwa kwa winchi, vikaungwa hewani, kisha kukaja kazi ya kunyoosha reli kwa uzi na timazi. Qabale alikuwa kwenye kikosi hicho kwa wiki tano, mwanamke peke yake. Wenzake walipoondoka, yeye alibaki kuitunza.

Ukimuuliza inavyofanya kazi, hakupeleki kwenye vitabu. Anakupeleka Korbesa, kijiji alikozaliwa, kwenye eela, yaani kisima kirefu cha Waborana.

"Kisimani watu wanasimama mmoja juu ya mwingine mpaka chini kabisa," anaeleza. "Ndoo iliyojaa inapanda mkono kwa mkono, tupu inarudi chini, na watu wanaimba ili mikono isipotezane. Hii ngazi ni hivyo hivyo. Watu hufikiri vidato vinaisha kule juu. Wapi! Vinageuka, vinarudi chini kwa chini vikiwa vitupu, vinakuja kuchukua wengine."

Vidato ni 62, na mpandaji haoni hata nusu yake. Mota iko juu, chini ya sakafu, nayo huzungusha cheni mbili nene zinazovivuta vyote. Kila kidato kina magurudumu manne, mawili kwa reli moja na mawili kwa reli nyingine. Reli hizo ndizo zinazokiamuru kisimame kama ngazi pale katikati, na kilale bapa pale mtu anapoingia na anapotoka. Mkono wa mpira unaoshikwa huvutwa na mota hiyo hiyo, ndiyo maana unakwenda sawa na miguu.

Shida iko mwisho wa safari. Kabla kidato hakijazama sakafuni, hupita kwenye meno ya chuma yaliyopangwa kama kitana. Uso wa kidato una vijifereji vyembamba, na meno hupita humo kuzuia chochote kisimezwe. Kitu kikikwama, meno husukumwa nyuma kidogo, swichi hukata umeme, breki huuma. Ngazi yote kimya.

Na katika vijifereji hivyo, ncha ya fimbo ya mchungaji huingia kama ufunguo kwenye kufuli.

Hapa ndipo kisa kinapomgusa Qabale mwenyewe, maana fimbo ya kwanza kusimamisha ngazi ilikuwa ya baba yake mzazi. Mzee Umuro alikuja kwa lori kutoka Korbesa wiki ya pili baada ya ufunguzi, amevaa kikoi kipya na kofia nyeupe, ili aone kazi ya bintiye. Alipanda vizuri. Lakini mchungaji akisimama, fimbo husimama naye. Mzee akaichomeka ncha yake, iliyolika kwa mawe ya malishoni mpaka ikawa nyembamba kuliko penseli, kwenye kijifereji, akaiegemea kama anatazama ng'ombe wake wakila. Alipofika juu, meno yakaishika. Ngazi ikasimama ghafla, mzee akaanguka magoti, kofia ikabingirika mpaka chini.

"Hakuumia mwili," anasema Qabale, na kicheko kinamwisha. "Alisema, 'Mashine yako imenipigisha magoti mbele ya watu.' Akaenda zake. Miezi minne hakukanyaga hapa. Niliumia sana, sitakudanganya."

Baada ya hapo fimbo zikawa wimbo. Mwezi mmoja ngazi ilisimama mara kumi na moja, karibu zote siku za soko. Githinji akamweka askari wake, Aule, mlangoni akusanye fimbo. Loo! Wazee walimtazama Aule, wakatazamana, wakageuka na kwenda zao.

"Mzee wa hapa hampi fimbo yake mtu asiyemjua," anasema Mugure, anayeuza miwani ghorofa ya juu. "Ni kama umwambie avue nguo. Na hao wazee ndio wateja wangu. Siku mbili za soko sikuuza miwani hata moja."

Githinji hakuwa na subira ya kuongeza. "Mimi si mtu mbaya," anasema, mikono mifukoni. "Lakini mashine ya kusimamasimama ni hasara. Nilimwambia Qabale, nipe siku thelathini bila fimbo kuisimamisha. La sivyo nazima, na hatutakosana."

Qabale anajua maana ya kuzimwa. Ukame ulipowamaliza ng'ombe wa baba yake, wakabaki tisa kati ya sabini, yeye ndiye aliyekwenda Nairobi kusomea mitambo, kisha akafanya kazi ya lifti miaka sita. Alilipwa shilingi 28,000 kwa mwezi, kodi ya nyumba ikala elfu tisa, na kilichobaki kikapanda basi kuja nyumbani. Yeye mwenyewe alikuja mara mbili kwa mwaka.

"Siku moja nilifika, Ikra akaniita Anti," anasema. Anafuta grisi vidoleni. "Niliingia chooni nikalia. Basi nikaapa, kazi yoyote ya ngazi ikitokea karibu na nyumbani, hata ya kufagia, ni yangu."

Wazo lilimjia akishonewa kandambili na Nakuam, fundi wa akala sokoni. Alimwona akikata raba ya tairi kuukuu, akachukua kipande, akakizungusha kidoleni. Fimbo haiwezi kuingia kwenye kijifereji ikiwa mguu wake ni mpana. Kwa nini isivae kiatu?

"Nilidhani jua limempiga," anasema Nakuam. "Nimeshonea watu, nimeshonea punda kamba, lakini fimbo? Nikamwambia, leta pesa, hata ukitaka nishonee kivuli chako nitakishonea."

Akashona. Kila kiatu ni kikombe kidogo cha raba chenye kitako kipana kuliko mfuniko wa chupa ya maji, kwa shilingi ishirini. Aule akaacha kunyang'anya fimbo, akaanza kuzielekeza kwa Nakuam, aliyehamishia benchi lake mlangoni. Kazi ikawa kuwashawishi wazee. Wa kwanza kukubali alikuwa Dima, dalali wa ng'ombe, mtu wa mizaha.

"Sasa fimbo yangu ina kiatu kipya na mimi nina ndara zimekatika," aliwatangazia wenzake akipanda. "Nani mkubwa hapa?"

Wazee walivunjika mbavu, na waliocheka wakapanga foleni. Wakampa Qabale jina: Abba Herega. Hilo ni jina la mwanaume anayesimamia zamu kisimani, yule ambaye neno lake likitoka, hata tajiri wa ng'ombe mia husubiri. Kumwita mwanamke hivyo ni utani, lakini ni utani wenye heshima ndani yake.

Siku ishirini na tisa zikapita hivyo.

Saa nne na nusu leo, jumba limejaa wachuuzi wa mbuzi waliotoka sokoni. Githinji amesimama juu kwenye kingo, anatazama. Mlangoni anatokea mzee mrefu mwenye kofia nyeupe, na fimbo yake mkononi ni tupu, haina kiatu.

Qabale anasahau spana aliyoshika.

"Salaam aleikum, Aba," anamsalimu baba yake.

"Aleikum salaam. Nagaya? Ni amani?"

"Nagaya, Aba. Umefika salama?"

"Nimefika. Mama yako anasema macho yangu yamechoka, nitafute miwani." Mzee Umuro anaelekea kwenye ngazi.

Binti wa Kiborana hamzibii baba yake njia. Qabale anaziba.

"Aba, kwa fimbo hiyo hupandi. Nakuomba umwone Nakuam hapo nyuma yako."

Kelele zinapungua. Dima, aliyesimama pembeni, anaacha kutafuna miraa. Mzee anamtazama bintiye kutoka kichwani hadi miguuni.

"Hii fimbo ni ya baba yangu," anasema polepole. "Fimbo ya mwanaume haivai kiatu."

"Najua ni ya babu," Qabale anajibu. "Na wewe ulipokuwa Abba Herega kule Korbesa, siku babu alipoleta ng'ombe kabla ya zamu yake, ulimpitisha?"

Mzee Umuro anaitazama fimbo yake. Halafu mabega yake yanaanza kutikisika, na inachukua muda watu kugundua kwamba anacheka.

"Nilimrudisha," anasema. "Mbele ya watu wote. Alininunia mwaka mzima." Anamgeukia Nakuam. "Haya, fundi wa viatu. Pima hii. Na usinipe kinachobana."

Anapanda akiwa wima kama mwimo, fimbo imekanyaga kidato kwa raba yake, Qabale nyuma yake hatua moja. Kule juu meno yanapita, kidato kinazama, mzee anatoka. Mota inaendelea kunguruma. Wazee waliobaki chini wanapiga makofi, na Mugure amekwishatoa kioo cha kujaribia miwani.

Saa kumi na mbili jioni Githinji anashuka na karatasi mkononi. "Weka sahihi hapa kabla sijabadilisha mawazo," anasema, lakini anatabasamu. Ni miaka miwili, shilingi 42,000 kwa mwezi. Qabale anaweka sahihi na kuacha alama ya grisi pembeni.

Ana mipango. Anataka kuwafundisha wasichana wawili wa hapa mjini kazi hii, na baadaye afungue karakana yake ya lifti na pampu za visima, kwa kuwa, anavyosema, "mashine ya kupandisha maji na ya kupandisha watu ni ndugu."

Baba yake, miwani mipya puani, amekaa kwenye benchi la Nakuam tangu mchana akiitazama ngazi. "Vile vitupu vinavyorudi chini," anauliza, "mnaviimbia?"

"Hapana, Aba."

"Ndiyo maana vilikuwa vinasimama."

Qabale bado anacheka simu inapolia. Ni Ikra, ambaye sasa anaishi naye hapa mjini, na swali ni lile lile alilokuwa akiuliza kila Jumapili kwa miaka sita, siku ambazo jibu lilikuwa "Disemba" au "Shule ikifungwa."

"Mama, unakuja lini?"

"Nakuja sasa hivi," anasema Qabale, na kuzima taa za ngazi.