Ukuta wa Fundi Pancha

Barabara kuu ilipopanuliwa, wakandarasi waliwauliza majirani wapunguziwe kero gani. Fundi Pancha, aliyeziba matairi kando ya barabara hiyo tangu ujana, ndiye aliyefoka kuliko wote: "Tujengeeni ukuta! Malori yanatutoboa masikio!"

Wakaujenga, mrefu kuliko paa lake, usio na hata upenyo. Wateja wake wote wakabaki upande wa pili.

"Si ulitaka kimya?" mkewe akamuuliza, jiko limepoa. "Haya, kula hicho kimya!"

"Mchuma janga hula na wa kwao, mama watoto. Sogea tule."

Mara tairi likapasuka nyuma ya ukuta. Fundi akakimbia na jeki yake hadi kwenye zege.

"Huku hakuna fundi?" dereva alikuwa akiuliza.

"Nipo!" akapaza sauti.

Lori jingine likapita likinguruma, likaimeza sauti yake.