Mlango Niliomchorea Nekesa

Hata leo nikikutana na watu wa lile darasa hapa mtaani Laini Saba nainamisha kichwa na kujifanya natafuta kitu mfukoni, kwa sababu aibu ya siku ile haijaniisha, na niliitafuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulikuwa tunasoma Kiingereza kila Jumamosi mchana katika kanisa la mabati, watu wazima tulioishia shule ya msingi. Nekesa alikuwa akija kwa miguu kutoka Kawangware, na tukimaliza namsindikiza hadi relini (kimya kimya, njia nzima). Jumamosi hiyo nilikuwa nimeamua kumwambia kwamba nampenda.

Sasa Madam, mwalimu wetu, akaniita mbele nieleze tofauti ya house na home. Mimi huandika polepole sana, kwa hiyo nikaomba nichore, na hapo ndipo nilipojiharibia.

House, yaani jengo tu, nikachora chumba changu cha kupanga huko Gatwekera, kufuli na dirisha dogo, basi. Home, yaani nyumbani kwenyewe, nikachora kwetu Bungoma, jiko la mama, ng'ombe, njia ya mtoni, na chaki ikaendelea tu, maana sijafika huko miaka mitatu na nilikuwa kama nausikia moshi wa kuni za mama. Nikaongeza simba yangu (si mnyama, ni kijumba anachojenga kijana wa kwetu akishakuwa mkubwa, na akioa mkewe huingia humo), nikaona mlango uko mtupu, nikamweka mtu. Kilemba cha madoadoa. Mwanya wa meno ya mbele. Nilipogeuka, darasa lote lilikuwa limeukodolea macho ubao.

"Aii! Si huyo ni Nekesa?" Mutua, jirani yangu wa benchi, akapiga kelele.

"Na hajasimama jikoni kwa mama," akasema Mzee Wafula, mlinzi tunayesoma naye, ambaye ni wa kwetu Bungoma. "Huo ni mlango wa simba. Kijana ameoa na hatujaonja hata kuku!"

Watu wakacheka mpaka benchi likaanguka. Nekesa hakucheka.

"Hiyo simba umejenga lini?" akaniuliza.

"Bado sijajenga."

(Wiki sita za kumsindikiza, na hayo ndiyo maneno niliyopata.)

Akaja mbele, akachukua kitambaa, akajifuta ubaoni taratibu, kilemba, meno, miguu, akakiacha kijumba na mlango wake wazi. "Ungeniuliza kwanza," akaniambia kwa sauti ya chini, akabeba daftari lake akatoka.

Madam, ili atulize watu, akagusa kile kijumba. "Na hii iliyobaki tuiite nini?"

"House," nikasema.

"Sahihi kabisa!" Wote wakanipigia makofi.

Nasikia siku hizi Nekesa anasoma huko huko Kawangware. Nimeapa sitamchora mtu tena kabla ya kumuuliza. Kuuliza kwenyewe ndiko ninakojifunza sasa, chumbani, peke yangu, kwa sauti.