Tarumbeta Ilikuwa Kazini

Katika miaka yangu yote ya ukatibu wa utumishi nililaumiwa kwa mengi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba daftari langu lina kosa. Nimestaafu sasa. Naandika ili kosa hilo nilieleze mwenyewe, kabla mtu mwingine hajalieleza vibaya.

Shirika, ambalo sitalitaja, lililotuajiri pale Rumonge, mji wa kando ya ziwa, lilikuwa na orkesta ya watu kumi na wawili. Hawa walikuwa watumishi kama sisi, wenye mikataba, likizo na barua za onyo. Walipiga muziki wageni walipopokelewa, mitambo ilipozinduliwa na wastaafu walipoagwa. Wageni wakichelewa kwa saa tatu, wao walisimama juani kwa saa hizo tatu, tai shingoni, midomo ikiwakauka na kupasuka. Niliandika barua kulalamikia jambo hilo. Haikujibiwa.

Mazoezi yalifanyika kila asubuhi katika ghala la zamani la mawese, juu ya jukwaa la mbao zilizolazwa kwenye mapipa. Hapo awali wanamuziki walitia sahihi walipofika ghalani. Kisha nikagundua kwamba baadhi yao walitia sahihi, wakapanda gari kwenda Magara kununua mukeke wavuvi wanaporudi, na kurejea mchana wakinuka samaki. Nilikasirika. Nikatunga kanuni na kuipiga chapa mwenyewe: sahihi itatiwa baada ya wimbo wa kwanza mbele ya wageni, si kabla. Mazoezi ni maandalizi. Kazi ni kile kinachosikiwa. Niliiona sentensi hiyo kuwa nzuri. Mkurugenzi aliisifu.

Mpiga tarumbeta wetu wa kwanza alikuwa Mwislamu wa mjini, mjukuu wa fundi cherehani aliyetoka Kongo. Hakumaliza sentensi bila mzaha, na zaidi alimtania mkuu wa orkesta, mtu aliyekulia uhamishoni Tanzania na kurudi na Kiswahili cha huko.

"Mukubwa," alimwambia asubuhi moja, nikiwa mlangoni, "hii mbao iko inateleza. Mafuta ya zamani ingali ndani. Siku moja itatupeleka mu ziwa."

"Wewe puliza," mkuu alimjibu. "Na ukianguka, usitoke kwenye mapigo."

Watu wakacheka. Nami nilicheka kidogo, ingawa haikunipasa.

Nilikuwa pale kwa sababu vyombo vilikuwa mali ya shirika, na kila chombo kilitoka stoo kwa sahihi yangu, saa na dakika vikiandikwa. Asubuhi hiyohiyo, nilikuwa bado sijaketi ofisini walipokuja kuniita. Ubao ulikuwa umeponyoka juu ya pipa mpiga tarumbeta akiwa katikati ya sauti ndefu, naye akaanguka kifudifudi, tarumbeta mdomoni. Kile kikombe cha chuma cha kupulizia kilivunja meno mawili ya mbele na kupasua mdomo wa juu. Karani anaweza kuishi vema bila meno mawili. Yeye hakuweza tena kutoa hata sauti moja iliyonyooka.

Taratibu za shirika zilikuwa wazi. Aliyeumia kazini haachishwi; hupewa nafasi nyingine. Stoo ya vyombo ilihitaji mtunzaji, na hapakuwa na mtu aliyevijua vyombo vile kumshinda yeye. Lakini aliyeumia nje ya kazi, akashindwa kuifanya, mkataba wake huvunjwa. Yote yalitegemea swali moja: asubuhi ile, alikuwa kazini?

Nilimpelekea mkurugenzi dosye, jalada la ajali hiyo. Alifungua daftari la sahihi.

"Mesye Sekereteri, siku hiyo hakuna sahihi."

"Hakukuwa na wageni, Bwana Mkurugenzi. Yalikuwa mazoezi."

"Na mazoezi ni nini?" Akaivuta kanuni yangu kutoka kwenye faili, akanisomea sentensi yangu nzuri.

Nikamfungulia daftari la vyombo. "Tarumbeta ilitoka stoo saa mbili na dakika tano. Imeandikwa: kwa kazi. Huu ni mwandiko wangu."

Aliusoma, akalifunga daftari. "Kwa hiyo tarumbeta ilikuwa kazini," alisema. "Mtu hakuwa."

Hakuwa akitania.

Siku mbili baadaye mpiga tarumbeta alikuja ofisini kwangu, kitambaa kikiwa mdomoni.

"Baba Sekereteri, ongeza mustari mumoja tu. Sinyatire yangu nitatia sasa hivi. Nani ataona?"

"Mimi nitaona."

"Na mutu akianguka, huyo huoni?"

Sikuongeza mstari. Niliamini kwamba daftari lililochezewa mara moja halitamtetea mtu mwingine yeyote, na ningali naamini hivyo. Badala yake niliandika ripoti ya kurasa sita, nikieleza kwamba kanuni ilikusudiwa kuwazuia watoro, wala si kumtoa kazini mtu aliyekuwa akitoka jasho. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja. Mkataba ulivunjwa.

Juma lililofuata niliifuta kanuni ile na kuchora safu mpya: Mazoezi. Mkurugenzi aliidhinisha bila kuuliza. Wanamuziki kumi na mmoja walitia sahihi ghalani pasipo kunitazama usoni. Wawili wakaenda Magara siku ileile. Niliwaona, nikanyamaza.

Nilipostaafu, orkesta ilinipigia muziki wa kuniaga. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nimechoka, nikisikiliza hotuba iliyokosea miaka yangu ya utumishi kwa miaka miwili. Ilipokwisha nilimwona yule mpiga tarumbeta wetu wa zamani nje ya uzio. Siku hizi anauza mawese sokoni, na alikuja na dumu lake. Nilimwendea.

"Amahoro, Baba."

"Amahoro."

Mpiga tarumbeta mpya alikosea sauti. Yeye akacheka, mkono ukifunika mdomo kama ilivyo desturi yake sasa.

"Hawa wamefika saa ngapi?" aliniuliza.

"Saa mbili. Kwa mazoezi."

"Na iko mu daftari?"

"Imo. Wote kumi na wawili."

Alitikisa kichwa polepole, akalinyanyua dumu lake.

"Basi iko vizuri," alisema, akaenda zake sokoni.